Kusaidia mwenye shida ni lazima au hiari? Nadharia za maadili bega kwa bega, uone ipi inakufaa

Saa nne usiku simu iko mezani kifudifudi, inatetemeka. Nikaigeuza. Mtu niliyesoma naye zamani, hatujaongea miaka, mama yake kalazwa, bili inapanda kila siku, anaomba "chochote ulichonacho ndugu yangu". Sasa mwezi ule nilikuwa na kihela nimekitenga cha shirika linalogawa vyandarua, kinaenda kwa watoto ambao sitakaa niwaone maishani, na hela ni hiyo hiyo moja, hamna ya pili. Kioo cha simu kikazima, nikakigusa kikawaka, kikazima tena, na mi bado sijajibu.

Nimesomasoma falsafa ya maadili kidogo (sio mwalimu, msije mkaniita profesa bure) na nilidhani usiku ule ingenitoa. Ilinitoa ndio, ila sio kwa mlango niliotegemea. Nilichokuja kugundua ni kwamba karibu nadharia zote kubwa zinakwambia saidia, hata zile zenye sifa ya ukali hazisemi mwache afe kivyake. Zinapoachana ni pengine kabisa: umsaidie nani kwanza, unaruhusiwa kuacha lini, na ukikataa umekosa nini hasa. Kwaio ukitaka kuchagua usiulize ipi ina huruma zaidi, uliza inakuruhusu ukome wapi, hapo ndo rangi zake zinaonekana.

Watu wa matokeo na watu wa wajibu

Hawa ndo mafahari wawili wa zizi hili, tuanze nao.

Watu wa matokeo, ukoo wa Jeremy Bentham (kitabu chake cha misingi kilitoka 1789) na John Stuart Mill, wanasema kitendo chema ni kile kinacholeta nafuu kubwa kuliko vingine vyote ulivyoweza kufanya, ukihesabu kila anayeguswa. Mill anampachika Bentham kauli kwamba kila mtu ahesabiwe mmoja na asiwepo wa kuhesabiwa zaidi ya mmoja. Ukiisikia haraka unaona ni usawa tu, nani atapinga. Ila ipeleke kwenye ile meseji yangu: mama wa mwenzangu ni mmoja, mtoto wa mbali ni mmoja, na mtu kunijua mimi hakumuongezei uzito hata gramu. Kinachobaki ni swali moja kavu, hela hii ikienda wapi inafanya kazi kubwa zaidi.

Aliyeisukuma hoja hii mpaka ukutani ni Peter Singer, kwenye makala yake ya 1972, aliyoiandika wakati wakimbizi wa Bengali ya Mashariki (ndo Bangladesh ya leo) wanakufa kwa njaa na maradhi. Mfano wake wengi mmeusikia: unapita kando ya bwawa lenye kina kifupi, mtoto anazama, ukiingia utachafua nguo. Unaingia, hamna mjadala. Basi anasema kama unaweza kuzuia jambo baya sana bila kupoteza kitu chenye uzito wa kulingana nalo, unapaswa kulizuia, na mtoto kuwa mbali hakubadilishi kitu, na kuwepo watu wengine milioni ambao nao wangeweza kusaidia hakubadilishi kitu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka na enzi zao ilikuwa kweli, ila siku hizi hela inavuka bahari kabla hujafumba jicho, fimbo imekuwa ndefu, kisingizio kimekufa.

Upande wa pili, wa watu wa wajibu, yuko Immanuel Kant. Kwenye kitabu chake cha 1785 anamleta mtu ambaye mambo yake safi, anaona wenzie wanahangaika, anasema hivi: mi simuibii mtu, simuonei mtu kijicho, ila kumsaidia mtu hapana, kila mmoja apate alichojaaliwa. Tunamjua huyu, wengine ni sisi wenyewe mwisho wa mwezi. Kant hasemi dunia ya watu hao itaanguka, anakubali kabisa ingeweza kwenda. Anachosema ni kwamba huwezi kutaka hiyo iwe sheria ya watu wote, maana wewe ni binadamu, itafika siku utahitaji mkono wa mtu, na utakuta mlango umeshaufunga mwenyewe na ufunguo umeumeza. Wengi wanaisoma kama biashara ya nisaidie leo nami nikusaidie kesho, sio hivyo, hata kama una uhakika hakuna atakayekulipa wajibu uko palepale, kwa sababu kinachopimwa ni ile kanuni unayoishi nayo, kama inasimama ukiwapa wote.

Sasa tofauti yao kubwa. Kwa Kant kusaidia ni wajibu wa kujipimia: lazima uwe mtu anayesaidia, ila nani, lini, kiasi gani, umeachiwa nafasi. Kutodanganya hakuna nafasi hiyo, ni marufuku tu. Kwa watu wa matokeo ni kinyume karibu kabisa, nafasi hamna, kila senti ina mahali pake pazuri kuliko pengine na wewe kazi yako ni kupatafuta, lakini uongo unaweza kupita ukileta nafuu.

Na hii sio nadharia ya hewani, kwa sababu kidole changu usiku ule kilikuwa kimeshaandika "sina kitu kabisa ndugu yangu". Mtu wa matokeo angenambia sawa, uongo mdogo, mwenzio haumii sana, vyandarua vinakwenda, tuma. Kant angenambia kutomtumia hela inaweza kuwa sawa kabisa, ila hiyo sentensi ndo kosa. Nikaifuta. Sijui kama nilifuta kwa sababu ya Kant au kwa sababu ya aibu, labda ni kitu kimoja.

Kuna kingine cha Kant watu hawakitaji. Kwenye kitabu cha 1797 anasema ukisaidia umwondolee unayemsaidia fedheha, ujionyeshe kama wewe ndo umeheshimiwa kwa yeye kukubali. Halafu angalia zile picha za mfadhili anacheka na kamera huku mama wa watu kashikishwa mfuko, macho chini. Kwa hesabu ya matokeo picha ile inaweza kutetewa, inaleta wafadhili wengine. Kwa Kant yule mama amefanywa kifaa, basi.

Unaruhusiwa kuacha lini?

Hapa ndo watu wengi huwa wanamkimbia Singer, na mi siwalaumu. Toleo lake kali linasema endelea kutoa mpaka ufike pale ambapo ukitoa tena utaumia sawa na yule unayemsaidia. Fikiria vizuri, hamna likizo, hamna kitabu, hamna zawadi ya mtoto, kila kitu kinapimwa na bwawa, na ukimtoa mmoja kuna mwingine anazama, na mwingine, haliishi. Mwenyewe mwaka 2009 alikuja na viwango vyepesi zaidi vya kuanzia, vinavyopanda kadri mtu anavyopata, na mwaka huo huo kule Oxford Toby Ord na William MacAskill walianzisha Giving What We Can, watu wanaahidi asilimia 10 ya kipato. Wenye fungu la kumi wakisikia wanacheka kimoyomoyo, wao wanaijua siku nyingi.

Bernard Williams alikuwa na pingamizi lingine ambalo kwangu lina uzito kuliko la uchovu. Mtu anaona wawili wanazama, mmoja ni mkewe, anaweza kumtoa mmoja tu. Kama kabla ya kuruka anajiuliza kwanza je maadili yananiruhusu kumchagua mke wangu, Williams anasema hapo kuna wazo moja limezidi. Mke akija kujua kwamba aliokolewa baada ya hesabu, sijui atajisikiaje.

John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, kapitia njia ya taasisi, kwenye kitabu chake cha 1999 anasema jamii zilizolemewa na hali ngumu zina haki ya kusaidiwa mpaka zisimame zenyewe na kuendesha mambo yao, zikisimama wajibu umekwisha. Una shabaha na una mwisho. Kwa serikali na mashirika naona ni kipimo kizuri, kwa mtu mmoja na simu yake saa nne usiku hakimsaidii sana.

Na wahenga wana lao, wema usizidi uwezo. Kama wewe ni mtu ambaye ukiombwa huwezi kukataa, umeshakopa ili umpe mtu, kodi yako mwenyewe imelala, basi tafadhali usianze na Singer, utaungua. Anza na Kant, anakupa ruhusa ya kuwa na maisha na bado ukawa mtu mwema. Ila kama una nafasi zako na kila mwezi unasema "nikitulia nitasaidia", Kant atakuharibu, ile nafasi aliyokupa utaigeuza godoro ulalie.

Aliye karibu na aliye mbali

Carol Gilligan mwaka 1982 aliandika akipinga namna saikolojia ilivyokuwa inapima ukuaji wa maadili, vipimo vya Lawrence Kohlberg vilijengwa kwa kuchunguza wavulana watupu halafu vikatumika kwa wote. Alisikia sauti nyingine, isiyoanza na kanuni, inayoanza na swali la nani ananitegemea na nisimwache. Nel Noddings 1984 akaijenga kama nadharia kamili ya kujali, na akafika mahali pa kusema wazi kwamba hana wajibu wa namna hiyo kwa watoto wenye njaa wa mbali asioweza kukutana nao, kwa sababu kujali kunahitaji wa kupokea na kujibu. Baadaye alilegeza, ila ile kauli ndo imebaki kuwa mpaka.

Iweke jirani na Singer uone zinavyogongana uso kwa uso: kwa mmoja umbali si kitu, kwa mwingine ukaribu ndo chimbuko la wajibu wenyewe. Meseji yangu chini ya Noddings ni rahisi, mtu ameniandikia, ananisubiri, namjua sauti, vyandarua baadaye.

Hapa wengi watasema si ndo utu huo. Mi naona hapana, ni ndugu ila sio pacha. Utu (wenzetu wa kusini wanaita ubuntu, na John Mbiti aliuweka kwenye maandishi 1969 kwa ile fikra kwamba mimi nipo kwa sababu sisi tupo) hauulizi kama nakujua. Mgeni asiye na jina akifika ni mtu, yametosha. Na angalia lugha yetu inavyomhukumu anayekataa: kwa Bentham amekosea hesabu, kwa Kant amevunja wajibu, kwetu tunasema "yule sio mtu". Hukumu haikai kwenye kitendo, inamkaa yeye mwenyewe. Hiyo ni nguvu kubwa sana na pia ni hatari, kwa sababu mtu mmoja mwenye kipato kwenye ukoo anaweza kukamuliwa mpaka tone la mwisho na kila akisema nimechoka anaambiwa hana utu, na wanaokamua hawajiulizi utu wao uko wapi. Utu ulienda pande mbili toka mwanzo, tumeusoma upande mmoja.

Ubaya mwingine wa nadharia za ukaribu ni kwamba asiye na mtu anabaki hana mtu. Mwenzangu alikuwa na namba yangu. Kuna mama kwenye wodi hiyo hiyo, naapa, ambaye mwanae hakuwa na namba ya mtu yeyote.

Aristotle, ambaye haulizi ulitoa ngapi

Yeye anakwepa kabisa ugomvi wa lazima au hiari na kuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Ukarimu kwake umekaa katikati, upande huu mkono wa birika, upande ule mbadhirifu anayemwaga hovyo kwa wasiostahili mpaka anafilisika. Mkarimu anampa anayefaa, kiasi kinachofaa, wakati unaofaa, na kipimo ni kile ulichonacho, aliyetoa kidogo kutoka kidogo anaweza kuwa mkarimu kuliko aliyetoa kikubwa. Kutoa ni moyo usambe ni utajiri, yaani karne nyingi na bahari katikati, maneno yale yale.

Ila hapa anaachana na Kant sana. Aristotle anasema anayetoa huku roho inamuuma bado hajawa mkarimu. Kant anatuletea mtu ambaye majonzi yake yamemzimia huruma yote, hajisikii chochote kwa mtu, na bado anajivuta na kusaidia kwa sababu ni wajibu, na anasema hapo hasa ndo thamani ya kitendo inang'aa. Mi nikiwa nimelazwa ningependa aje wa Aristotle. Lakini ukiniuliza yupi atakuja na mwezi wa tatu wakati ugonjwa umeshakuwa stori ya zamani na watu wamechoka, naweka hela yangu kwa wa Kant.

Halafu kuna utafiti unaoitia hulka doa. John Darley na Daniel Batson, 1973, walichukua wanafunzi 40 wa seminari kule Princeton wanaosomea dini, wakawatuma jengo la pili, njiani wakamkalisha mtu ameinama anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana muda, asilimia 63 walisimama. Walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10. Na baadhi yao walikuwa wanakwenda kuhubiri habari ya Msamaria Mwema, na hilo halikuleta tofauti ya maana. Kwaio ukichagua njia ya hulka chunga na ratiba yako pia, roho nzuri ikiwa na haraka inapita tu kama nyingine.

Watu wa uhuru, na sheria inasemaje

Watu wa uhuru ni wale wanaosema mtu asilazimishwe na mwenzie wala serikali. Mmoja wao, Robert Nozick, aliyeandika 1974, anasemwa vibaya kwamba alipinga kusaidia. Hakupinga. Alipinga kulazimishwa, akaona kodi ya kipato iko sawa na kazi ya kulazimishwa. Kusaidia kwake ni vizuri, ila mwenye shida hana dai juu ya mfuko wako. Ukiwa mtu unayechukia kusukumwa nadharia hii itakukaa kama kiatu chako, tatizo lake ni lile bwawa: anayepita na kumwacha mtoto azame hajavunja haki ya mtu yeyote, na wachache sana wanaweza kulisema hilo kwa sauti mbele ya mzazi wa mtoto.

Nchi zenyewe hazijakubaliana. Ufaransa ukimwacha mtu hatarini wakati ungeweza kumsaidia bila kujihatarisha, au hata kuita tu msaada, sheria ya jinai kwa kawaida inafika miaka 5 jela na faini euro 75,000. Ujerumani ni mpaka mwaka 1. Uingereza kwa kawaida hamna wajibu huo kwa mgeni usiye na uhusiano naye, labda wewe ni mzazi au ni kazi yako au wewe ndo umemsababishia. Vermont kule Marekani walipitisha sheria 1967, faini yake mwisho dola 100, yaani ni kama wanakwambia tumekuona tu.

Na kama shida umeichangia?

Hii ningeiweka kwanza kama sio kwamba inavuruga meza yote. Thomas Pogge, 2002, anasema mjadala mzima wa hisani umeanza mahali pabaya. Swali sio kama mwenye nacho amsaidie asiye nacho, swali ni kama kanuni za biashara, mikopo na mali ghafi ambazo mwenye nacho ananufaika nazo ndo zinamtia mwenzie kwenye shida. Kama ndio, basi huo sio msaada tena, ni deni. Uzuri wa hoja yake ni kwamba inamkamata hata mtu wa uhuru, maana yeye mwenyewe anakubali usimdhuru mtu. Na Kant alishaligusa zamani, aliuliza kama msaada wa tajiri unastahili kuitwa hisani wakati utajiri wenyewe umetokana na serikali kuwapendelea baadhi ya watu.

Udhaifu wake ni kwamba ukibaki peke yako na simu haikwambii utume ngapi. Inakwambia tu usijisifu sana ukishatuma.

Sasa wewe ipi

Ukiwa unatoa kwa watu usiowajua, mashirika, michango mikubwa, chukua watu wa matokeo na usione haya kuuliza hela inafanya nini, wema usiouliza unalisha wajanja. Mtu akikuomba uso kwa uso au kwenye simu, wape nafasi Kant na Noddings, kwanza usimdanganye, pili mjibu, hata kama jibu ni hapana. Ukiwa unalea watoto Aristotle anakutosha, mtoto hafundishwi fomula, anaona mkono wako. Kwenye kura na kodi msikilize Pogge halafu msikilize Nozick, kwa mpangilio huo. Kama unachukia kuchagua moja, W. D. Ross aliandika 1930 kwamba wajibu ni nyingi, kutimiza ahadi, kurekebisha ulichoharibu, shukrani, haki, kutendea wengine mema, kutodhuru na kadhalika, na hamna iliyo juu siku zote, unazitazama zote kwenye tukio lenyewe. Wanaomkosoa wanasema hajakupa kanuni yoyote. Kweli hajakupa. Ila usiku ule Ross ndo alikaa karibu na nilichofanya kuliko wote.

Maana nilichofanya ni hiki: nilimwandikia mwenzangu kwamba ninacho kiasi fulani, sio chote anachohitaji, na sehemu nyingine nimeshaiahidi mahali. Nikamtumia nusu. Ya vyandarua ikaenda nusu, iliyobaki nikaifidia mwezi uliofuata, tena sio yote. Mama alitoka hospitali. Rafiki yangu mmoja wa hesabu, mtu wa matokeo mpaka kwenye mifupa, bado anasema niligawa pabaya, na kila akianza kupiga zile hesabu zake mezani kwa kidole, watoto wangapi, vyandarua vingapi, mi huwa natafuta pa kumkatiza sipaoni.